Kamwene ya Telesia

Gari la sinema lilifika Makambako siku ya mnada, likafunga shuka jeupe karibu na banda la ngozi. Telesia alikaa mbele kabisa akipukuchua mahindi kwenye ungo, maana kutazama ni kazi ya macho, mikono ina kazi yake. Hilari, karani wa gari, akatangaza kwamba waendao kwenye mkonge kwa miguu huvamiwa na majambazi. Mwenye akili hupanda lori la wakala wa mashamba.

Basi, shukani akatokea Filbert, mume wa Telesia, aliyeondoka na lori hilohilo mwaka juzi. Nyuma yake majambazi watatu. Wa mbele akainua rungu.

"Kamwene, Baba Kefa!" Telesia akaita.

Filbert akasimama. Mbena aliyelelewa vyema haipiti salamu. "Kamwene, Mama Kefa!" Majambazi nao walikuwa Wabena, wakashusha marungu, wakavua kofia, wakaitikia.

"Picha haijibu salamu," Hilari akanung'unika.

"Labda ya kwenu," watu wakamjibu.

Telesia akasalimia kwa niaba ya watoto, ng'ombe, mahindi, na shemeji wa Kitandililo mwenye jipu. Alirefusha makusudi, kwani salamu ikiisha mumewe atapigwa.

"Si ulipanda lori? Mbona unatembea?"

"Walitushusha tuigize. Hawa ni manamba wenzangu. Asubuhi mkonge, jioni ujambazi."

"Kumbe mchezo!"

"Mchezo, ila marungu ni ya kweli, mke wangu. Na tunarudia mpaka ipendeze."

"Rudi nyumbani, basi."

"Kipande changu cha kazi hakijajaa alama za siku."

Telesia akamrushia viazi vya kuchemsha alivyokuja navyo. Filbert akavidaka, akagawana na majambazi. Mashine ikaishiwa mafuta, shuka likabaki jeupe. Siku hiyo hakupigwa.

Asubuhi vijana walijazana kwenye lori la wakala. Njia ya miguu ina majambazi, walisema, wamewaona kwa macho yao. Telesia alipowasihi wasipande mpaka sauti ikamkauka, mmoja akamwambia, "Mama, mbona huko hata viazi vipo?"

Gari la sinema likaelekea Njombe. Telesia akapanda nyuma na ungo wake, hakumwomba mtu ruhusa. Jioni Filbert akatokea tena shukani, majambazi nyuma yake. Wa mbele akainua rungu, akamtafuta Telesia kwa macho, akangoja asalimiwe, maana hata yeye mkono wake ulikuwa umechoka kupiga.