Kitanda cha Juu

Kendra Vosika alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha juu, viatu miguuni, pua yake shubiri moja kutoka kwenye dari, akisikiliza upepo wa Machi ukipapasa bati la trela kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Hakikuwa kitanda chake. Hata trela lenyewe, nyumba ndogo ya safari inayokokotwa na gari, halikuwa lake. Lilikuwa bado mali ya Lyle Hruska, mwuza matrela, na lilisimama kati ya mengine kumi na mawili kwenye kiwanja cha kokoto nje kidogo ya mji wa Kearney. Hata hivyo alikuwa ameshajilaza humo Jumamosi tatu mfululizo, na kila mara alishuka akiwa na hakika zaidi kuliko alivyopanda.

Kitanda cha chini kilikuwa kimeshapata mwenyewe. Piper, bintiye mdogo wa miaka minane, alikuwa akitandika koti lake hapo kila Jumamosi na kutangaza kwamba upande wa dirisha ni wake. Mbele, nyuma ya pazia, palikuwa na kitanda kipana cha wazazi. Watu wanne, vitanda vya watu wanne. Kendra hakuona cha kujadili.

Mumewe, Derek, alikuwa nje, amechuchumaa karibu na mlango mbele ya kibandiko cha kiwandani. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, mtu aliyezoea kupima vitu visivyozidi unene wa unywele, na daftari lake la trela lilikuwa limeshafika ukurasa wa ishirini.

"Elfu nne na mia saba," alisema kupitia dirishani. "Ratili elfu nne na mia saba, Kendra, na hapo ni tupu. Bila maji, bila hata kijiko."

"Gari letu linavuta elfu tano."

"Linavuta elfu tano likiwa na dereva mmoja mwembamba, asiye na mke wala watoto."

"Basi mtafute huyo dereva mwende naye."

Derek alicheka, lakini hakulifunga daftari. Kendra alijua kwamba mumewe alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomchoma. Yeye ndiye aliyekuwa dereva katika nyumba hiyo. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameendesha basi la shule, maili ishirini na nne asubuhi, maili ishirini na nne alasiri, na alijua vizuri kuliko fundi yeyote wa meno jinsi uzito unavyoweza kumsukuma mtu mteremkoni asikotaka kwenda. Lakini kila asubuhi, basi lilipofika kwenye njia panda ya Odessa, mahali ambapo lazima akate kushoto kuwafuata watoto wa kina Pokorny, mikono yake ilikawia kidogo kwenye usukani. Barabara ya mbele ilinyooka hadi ikazama angani. Akikata kushoto, siku nzima nyayo zilimwasha.

Alikuwa amelelewa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni, Krismasi na Pasaka, mtu awe mzima au ana homa, na kwa hiyo baba yake hakuwahi kulala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja ambao Kendra aliukumbuka. Wenzake waliporudi shule mwezi Agosti na habari za milima na ziwa, yeye alisimulia habari za ndama. Alikuwa amejiapia kwamba watoto wake hawatakua hivyo. Kisha watoto wakaja, kazi zikaja, paa likavuja, na sasa binti mkubwa alikuwa na miaka kumi na saba. Mwezi Agosti angehamia mji wa mbali wa Tucson kwa masomo. Ulikuwa umebaki msimu mmoja tu wa joto, na Kendra alikuwa ameshausambaza wote mezani kwenye ramani, kwa kalamu nyekundu.

Huyo binti mkubwa, Hallie, alikuwa amekaa ndani ya gari lao la kijivu la viti saba, amejiziba masikio kwa muziki. Jumamosi ya kwanza alikuwa ameingia kwenye kila trela na kufungua kila kabati. Tangu hapo hakuwa ametia mguu hata kwenye moja.

Lyle Hruska alikuja akitafuna kijiti. Kabla ya kufungua yadi alikuwa amesafirisha ng'ombe kwa malori miaka thelathini, na bado alitembea kama mtu aliyeshuka sasa hivi.

"Mama, gari lenu litalivuta," alisema. "Nisingekudanganya. Kulisimamisha ndiko kunanipa wasiwasi. Kuna lile jeupe la mstari wa kijani kule mwisho, futi kumi na saba. Meza yake inageuka kitanda."

"Kile kibanda cha kuku?" alisema Kendra.

"Kuku wangu hawana bafu."

"Sisi tuko wanne, bwana Lyle. Nataka kulijaribu hili barabarani."

Mzee akamtazama Derek. Derek akalitazama daftari. Mwishowe Lyle akatema kijiti, akaenda kuleta vyuma vya kuungia.

Trela lilipokalishwa kwenye ndoano, nyuma ya gari ilizama chini na pua yake ikanyanyuka. Kendra aliona. Alizunguka, akakagua minyororo, akajaribu taa, akafanya yote aliyofundishwa, na hilo moja la pua kunyanyuka akalipita kimya kama mtu anayempita mdai wake sokoni. Lyle alikaa mbele kando yake. Derek na Piper walikaa katikati, na Hallie nyuma kabisa, muziki masikioni.

Maili tatu za kwanza zilikwenda vizuri, na furaha ikamjaa Kendra hadi kooni. Pande zote mbili yalikuwa mabua ya mahindi ya mwaka uliopita, na korongo walitembea humo kwa maelfu wakiokota punje, wakilalamika kwa sauti zao za kukwaruza. Kwenye kioo cha pembeni aliliona trela likimfuata, kubwa, refu, tiifu. Alifika maili hamsini kwa saa. Usukani ulikuwa mwepesi mno mikononi, kama gurudumu la mbele linagusa lami kwa vidole tu. Akajiambia ni upepo.

Kisha lori la mizigo likatokea nyuma, likawapita. Kwanza lilivuta hewa yote, na trela likavutika kuelekea lilipo. Lilipomaliza kupita, upepo wa pembeni ukalirudisha kwa kofi. Nyuma ya gari ikaenda kushoto. Ikarudi kulia, zaidi ya ilivyotoka. Ikaenda tena kushoto. Piper akanyamaza katikati ya neno. Kendra hakukanyaga breki. Mwili wake ulijua kuliko kichwa. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani bila kubishana nao, na kwa mkono wa kulia akabonyeza kidude cha breki za trela chini ya usukani, pole, pole, mpaka mzigo ule wa nyuma ukakubali kunyooka. Akasogea ukingoni mwa barabara, akasimama.

Korongo waliendelea kula.

"Umelishika vizuri," alisema Lyle. "Ninao wenzangu ambao wangekuwa mtaroni saa hii." Halafu akaongeza, "Ni sekunde nne tu hizo. Na ni tambarare, na matangi hayana maji."

"Najua," alisema Kendra.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Hallie, na muziki ulikuwa umeshatoka masikioni. "Kitanda cha juu ni cha nani?"

"Swali gani hilo? Ni chako."

"Mimi sitakuwepo."

"Hadi Agosti bado upo."

"Sitakuwepo kuanzia Juni. Nimepata kazi. Kambi ya watoto milimani, karibu na Tucson. Naanza tarehe tatu. Nilijibiwa wiki mbili zilizopita, nikakubali."

Lyle Hruska akafungua mlango. "Ngoja nikaangalie matairi," alisema, akashuka, akatembea hadi nyuma kabisa ya trela, na huko akabaki.

"Wiki mbili," alisema Kendra. Alimtazama Derek kwenye kioo. Derek alitikisa kichwa. Hata yeye hakujua.

"Nilitaka kusema. Kila nikija, umeinamia ramani."

"Si ungesema tu? Nimechora njia yote kwa ajili yako. Maziwa, ile milima, kila kitu."

"Mimi sijawahi kukuomba safari, Mama," alisema Hallie, taratibu, bila ukali, na ndiyo maana maneno yakaingia. "Wewe ndiye unayetaka kwenda. Na si vibaya. Nenda. Lakini usiseme ni kwa ajili yangu."

Kendra akashuka. Akatembea ukingoni mwa barabara, kichwa kimeinama, nywele zikimpiga machoni. Hasira aliyoingoja haikuja. Kilichokuja ni aibu ndogo, ya mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake. Alijaribu kuiona ile ramani bila Hallie juu yake. Alidhani mistari myekundu ingefutika. Haikufutika. Ilibaki vilevile, ikiwasha vilevile, na hilo lilimtisha kuliko trela kuyumba. Miaka yote hiyo alikuwa na njaa yake mwenyewe, akaikalisha mezani na kuiita kwa majina ya watoto.

Alisimama hapo mpaka masikio yakaanza kuuma kwa baridi. Aliporudi alimkuta Lyle ameegemea trela, mikono mifukoni.

"Umemaliza kuangalia matairi?"

"Yalikuwa sawa tangu mwanzo," alisema mzee.

Walirudi kwa mwendo wa maili arobaini, taa za tahadhari zikiwaka. Yadini, Kendra hakumngoja mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kule mwisho, kwenye trela jeupe la mstari wa kijani, akaingia, akakaa mezani. Derek alimfuata, akasimama mlangoni na daftari lake kifuani.

"Elfu mbili na mia nane," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikukuuliza."

"Najua. Nimeona nikuambie tu."

Hallie naye akaingia, akainama asigonge kichwa. Akaikunja meza chini kama anayeifahamu, akavuta magodoro, kitanda kikatokea, kipana kidogo kuliko mlango. Akajilaza akiwa na koti lake.

"Nikija Desemba nitalala wapi?"

"Hapo hapo, na Piper."

"Anapiga mateke."

"Basi na wewe umpige," alisema Kendra. Hallie akasogea ukutani, akaacha nafasi. Mama mtu hakujilaza. Alikaa tu ukingoni, mkono wake juu ya kifundo cha mguu wa binti yake, na wote wawili wakasikiliza Piper akibishana na Lyle nje kwamba koti lake limebaki kwenye lile trela kubwa na ni haki yake kulifuata.

Trela dogo lilifika nyumbani katikati ya Aprili, Jumapili, baada ya chakula cha mchana cha supu ya maharage na mikate ya mdalasini. Kulivuta kutoka Kearney kulikuwa kama kuongozana na mtu mwenye adabu. Kuliingiza kinyumenyume kwenye uchochoro kati ya nyumba yao na uzio wa jirani lilikuwa jambo jingine. Trela fupi hugeuka upesi kuliko basi, na mara mbili Kendra alijikuta ameelekea kwenye waridi za jirani huyo, mzee Obrecht, ambaye alitoa kiti chake barazani na kikombe cha kahawa asipitwe na lolote.

"Kushoto," alisema Derek, akionyesha kulia.

"Baba, toka hapo," alisema Hallie. "Unamchanganya." Akaenda yeye nyuma, akanyanyua mkono.

Hapo mambo yakanyooka. Kendra aliufuata ule mkono kwenye kioo: njoo, njoo, kidogo huku, njoo. Mahafali ya Hallie yalikuwa wiki tano mbele. Kwenye kisanduku cha mbele cha gari kulikuwa na ramani mpya, ya watu watatu, na ya kwanza kuanza na njia panda ya Odessa, kunyoosha mbele.

Trela lilipozama nusu uchochoroni, Hallie alitoweka kwenye kioo cha kulia. Kendra akakanyaga breki. Akatazama cha kushoto, ukuta tu. Kwenye kazi yake kulikuwa na sharti moja ambalo hakuwahi kulivunja kwa miaka kumi na mmoja: mtoto asipoonekana kwenye kioo, gari halisogei.

Injini ilinguruma taratibu. Mzee Obrecht akashusha kikombe.

"Umekwama, Kendra?"

"Hapana," alisema. "Nangoja."

Akateremsha kioo cha dirisha. Upepo ukaingia, na harufu ya udongo uliolimwa, na kutoka nyuma, mahali asipoweza kupaona, sauti ya binti yake ikaja, tulivu, bila haraka.

"Nafasi bado ipo, Mama. Njoo."

Aliangalia kioo mara ya mwisho. Hakikuwa na mtu. Kisha akanyanyua mguu kwenye breki, kidogo kidogo, akaifuata ile sauti.