Kisahani Kisicho na Haraka

Mwaka 1988 bati lilikuwa limerudi madukani Same. Miaka michache nyuma mtu alishuka mjini na fedha zake akapanda nazo mlimani vilevile, kwa sababu rafu zilikuwa tupu. Sasa rafu zilijaa, na aliyekosekana ni mnunuzi.

Huko juu Suji, nyumba ya Rahabu ilikuwa bado ya nyasi, tena nyasi zilizochoka. Masika nzima yeye na binti yake Raheli walikinga maji kwa sufuria, beseni na chungu. Rahabu alikwisha kusema kwamba vuli ya Oktoba ikiwakuta hivyo, ukuta wa nyuma utaanguka.

Ndipo mwenye duka jipya la vifaa vya ujenzi pale Same akatangaza bati ishirini kwa mshindi wa visahani, mwezi wa Septemba. Mchezo huo uliletwa Suji na mwalimu mgeni wa sayansi. Unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye tenga lililotundikwa juu ya nguzo, kisha unaanzia hapo kwenda tenga la pili, na kuendelea. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Mwalimu alipomaliza mkataba akarudi kwao, na visahani akamwachia Eliufoo, seremala aliyemchongea nguzo. Eliufoo ni mjomba wake Raheli.

Raheli akaamua kuzishindania bati hizo. Alipenda kisahani chekundu. Kilikuwa kigumu, kinang'aa, ukingo wake mwembamba kama wa sahani ya bati, na kikitoka mkononi kilikwenda kama mwewe. Kufika kilifika mbali. Kufika kwenye tenga ndiyo ilikuwa shida, maana mara kilikata kushoto kikaishia kwenye migomba ya watu, mara kilijibinua kikashuka bondeni.

Eliufoo alimtazama siku mbili. Siku ya tatu alimpokonya kile chekundu akampa cha njano. Hiki kilikuwa kinene ukingoni, laini kama soli ya kandambili, na hata ukikirusha kwa hasira hakikuvuka nusu ya uwanja.

"Hiki cha watoto, mjomba," Raheli alisema.

"Basi kuwa mtoto. Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu nikimsukuma hafiki, nikimsindikiza anafika."

Raheli alitaja jua, akataja usingizi, akataja mtumbwi. Eliufoo akaomba mji, akapewa Mwanga nzima, akasema alikwenda Mwanga akala akashiba, na jibu ni kisahani. Raheli hakucheka.

Mkono wake ulikuwa na kosa lake. Tangu utoto alikaa shambani kulinda mahindi kwa mawe, na mkono uliofundishwa na ngedere hutaka kumaliza kazi kwa mara moja: nguvu zote mwanzoni, kiganja kinajipinda, jiwe linakwenda. Jiwe halijali. Kile chekundu nacho kilificha kosa kwa mbio zake. Cha njano hakikuficha kitu. Kiganja kikijipinda kidogo tu, kiliyumba mbele ya macho yake kikaanguka, naye akaona kosa likianguka nacho.

Wiki sita alirusha hicho hicho. Binamu yake Wilbard, aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, alimwuliza kama anarusha au anaweka mezani. Raheli alimjibu kwamba ng'ombe wake wanamngoja, na wao angalau wana akili. Wiki ya tano kisahani kiliacha kuyumba. Kilikwenda karibu, lakini kilikwenda pale pale alipotazama. Tena asubuhi za ukungu, ambapo chekundu kingeteleza kama sabuni, cha njano kilishika vidole.

Siku ya shindano walikuja Suji watu wa Bombo na wa Mwanga. Mpaka tenga la kumi na moja walibaki wawili wamelingana, Raheli na Evance wa Mwanga, kijana mrefu mwenye kisahani kigumu cha kwake. Tenga la mwisho lilikuwa ng'ambo ya ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mifereji. Ndiva haiingiwi na mtu, kwani tope likivurugwa linaziba tundu la kutolea maji, na zamu ya jirani ya kumwagilia inaharibika. Kisahani kikizama, kimezama.

Raheli alianza. Wilbard alimpigia kelele avuke. Hakuvuka. Alirusha cha njano kwenye njia inayozunguka ndiva, akarusha tena mpaka chini ya nguzo, na kwa mrusho wa tatu akakitia tengani.

Evance akavuka kwa mrusho mmoja, na watu wa Mwanga wakapiga vigelegele. Zilimbaki hatua nne. Lakini kisahani chake kilikuwa kimelowa ukungu. Kilimponyoka, kikagonga ukingo wa tenga, kikaanguka nje. Kwa mrusho wa tatu ndipo kikaingia, wakawa wamelingana tena.

Mwenye duka alitaka warudie. Ukungu ulikuwa umeshafunika tenga, hata nguzo haikuonekana, na kushuka Same kulikuwa mbali.

"Dada, kwetu pia kunavuja," Evance alisema. "Tugawane."

Raheli alimtazama mama yake kwanza. Kisha akakubali.

Bati kumi hufunika nusu ya nyumba. Eliufoo alishauri sebule, wageni waone.

"Wageni wana kwao," Rahabu alisema. "Anzia chumbani, ukuta wa nyuma."

Eliufoo akapanda na misumari. Vuli iliingia wiki ya pili ya Oktoba. Ukuta ulisimama, na mama na binti walilala pakavu, wakapikia panapovuja.