Habari Ziwafikie

Kwa miaka sita nimesoma matangazo ya vifo kwenye redio yetu ndogo hapa Nkuhungu. Taarifa ya habari anasoma Octavian, maana bosi wetu, Damas, anasema habari zinataka sauti nzito. Vifo nikapewa mimi, eti sauti ya mwanamke ina huruma. Huruma yenyewe iliisha zamani, nimebaki na sauti tu.

Matangazo huletwa na wanaume, na wanaotajwa ni wanaume. Mwaka jana mwanamke mmoja, Paskazia, alifunga safari kutoka Mlali kuja kuomba jina lake liongezwe kwenye tangazo la baba mkwe wake, mzee ambaye yeye ndiye aliyemuuguza peke yake miaka minne. Nilimjibu kama nilivyofundishwa: "Tangazo ni la aliyelileta, dada." Akageuka kurudi Mlali. Sikumpa hata kiti, na mpaka leo naona aibu.

Leo alfajiri kaka yangu Hamza alinipigia kutoka Kondoa. Mama amefariki. Mama niliyekaa naye chumbani kwangu miaka mitatu, nikimwogesha na kumnywesha uji, hadi wiki iliyopita alipoomba arudishwe nyumbani. Nililia. Hamza alisubiri nimalize, kisha akaniambia nisome tangazo kwanza ndipo nipande basi. Wanawake hawaendi makaburini, alisema, kwa hiyo hata nikichelewa hakuna litakaloharibika. Maneno ya tangazo akayatuma kwenye simu.

Saa mbili kasoro robo asubuhi niliwasha kipaza sauti, nikasoma.

"Bwana Hamza Athuman wa Kondoa anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, mke wa marehemu mzee Athuman. Mazishi ni leo baada ya swala ya alasiri. Habari ziwafikie Mudrick Athuman wa Kibaigwa, ndugu, jamaa na marafiki wote, popote walipo."

Maneno ya Hamza yaliishia hapo. Jina la mama halimo, sembuse langu. Nyuma ya kioo Damas alinyoosha mkono, kwamba nimpishe Octavian. Nilikuwa nimechoka, hata hasira sikuwa nayo. Nikakisogelea tena kipaza sauti.

"Marehemu aliitwa Asma. Habari zimfikie binti yake, Mwantum, popote alipo."