Pikapu Yenye Sakafu Mbili

Mitwali aliiosha pikapu yake mara nyingi hata mkewe akachoka kuhesabu. Aliiosha kwa sabuni ya unga, akaiosha kwa siki, akaiosha kwa magadi, kisha akaimwagia majivu ya mashina ya pamba na kuiacha juani siku tatu. Jua la kijiji cha Kafr Nawwar, huko Misri, mwezi wa Juni hukausha samadi mbichi ikawa ngumu kama kigae, lakini harufu ya pikapu ile halikuiweza. Asubuhi, kabla mtu hajafungua dirisha, harufu ilikuwa imeshaamka na kumtangulia.

"Hata ingekuwa imelambwa na mbwa," alisema mkewe Inshirah, ameziba pua kwa ncha ya mtandio, "mara saba, moja kwa udongo, ingekwisha toharika. Hii imelambwa na nani, Baba Hanadi?"

"Ni panya tu. Panya kafia mahali."

"Panya huyo basi ni mkubwa kama punda."

Pikapu aliinunua ujanani. Alibebea machungwa na magunia ya mchele mpaka mgongo ulipomkatalia, ndipo akamwachia mdogo wake, Dusuki, mwenye duka la kuku na meko ya kofta, nyama ya kusaga ya kuchoma, huko mjini sokoni. Miaka tisa Dusuki aliitumia. Alipopata pikapu mpya aliirudisha ya kaka yake ikiwa imefungwa kamba nyuma ya trekta, kama ng'ombe mgonjwa.

Mtu mwingine angeiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Lakini binti yake, Hanadi, alikuwa amechumbiwa, na siku ya kupeleka vyombo vya bibi harusi, kila kitu hupitishwa kijijini wazi juu ya pikapu: kitanda, godoro, masufuria, hata mabeseni, na ngoma mbele, na majirani vibarazani wakihesabu. Mitwali alijiapiza kwamba gari la kwanza katika msafara huo litakuwa lake.

Miezi miwili alifanya kazi peke yake uani. Alifungua kabureta akaipanga vipande vipande juu ya sinia, akaisafisha kwa mswaki. Alibadili plagi, akapata mlango wa kushoto kwenye makaburi ya magari kule Tanta, akapiga msasa kebini mpaka viganja vikachubuka, akaipaka rangi ya samawati. Ndani ya kiti alikuta kiota cha panya, manyoya na mikojo, akakichoma huku akitapika mate. Kila bolti aliyoilegeza aliianza kwa bismillahi. Injini ilikubali. Breki zilikubali. Bodi la nyuma tu ndilo lilibaki likinuka.

Jumanne, siku mbili kabla ya kupeleka vyombo, alimwita fundi Bayumi aje kuchomelea bawaba ya mlango wa nyuma. Bayumi alikuwa mtu mnene, mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Alipanda nyuma, akasimama, akapiga sakafu kwa nyundo.

"Haji, sikia hapa." Pembeni bati lililia kwa sauti nyembamba. "Sasa sikia hapa." Katikati liliguna, kama mtu aliyevimbiwa. "Gari yako ina sakafu mbili."

"Dusuki ndiye aliyeitengeneza. Aliniambia ile ya zamani ilioza, akaweka mpya."

"Hakuweka mpya. Kaibandika mpya juu ya mbovu. Fundi mwenye haya hukata uozo kwanza, ndipo achomelee. Huyu kafunika tu. Ni kumvisha kanzu nyeupe mtu aliyejinyea."

Bayumi alikata kingo kwa grinda, Mitwali akapenyeza mtaimbo, wakainua pamoja. Bati lilibanduka kama gaga la kidonda. Chini yake kulikuwa na uji mweusi, mzito kama asali ya miwa, umechanganyika na manyoya na vidole vya miguu ya kuku, na funza weupe wakikimbia mwanga. Mtaimbo uliteleza, uji ukamrukia Mitwali kanzuni na ndevuni.

Bayumi aliruka chini, akatapika chai yake yote ukutani. "Astaghafirullahi! Haji, hilo ni kaburi!"

Mitwali naye alitapika. Alipomaliza aliufunga uso kwa kitambaa, akashika koleo, akarudi. Karibu na kebini, mahali ambapo bati la juu halikufika, palikuwa na mwanya wa vidole vinne, na hapo ndipo vitu vilipoingilia kila gari lilipofunga breki. Alivuta kitu kilichoganda. Alikuwa kuku mzima, mdogo, aliyebanwa akakauka kama ng'onda. Macho hayakuwapo. Shingo ilikuwepo, yote, na haikuguswa na kisu. Akavuta wa pili. Naye vilevile. Na juu yao kulikuwa na chokaa.

"Kibudu," alisema Bayumi kwa mbali. "Na chokaa hiyo ni ya mizoga, nani anayebeba kuku wazima akawamwagia chokaa?"

"Labda alikuwa anawapeleka kutupa. Joto huwaua mabandani, wenye mabanda hutafuta mtu wa kuwaondoa."

"Labda." Bayumi alifuta mdomo. "Mimi hula kofta kwake kila siku ya soko, Haji. Hakuna mtu hapa Misri anayeiombea hiyo labda yako kuliko mimi."

Adhana ya adhuhuri ikalia. Mitwali hangeweza kusali na nguo ile. Aliivua, akaoga, akaoga tena, akavaa safi, akasimama kwenye mkeka. Aliposujudu, harufu ilikuwa ndani ya ndevu zake mwenyewe.

Hapo akaukumbuka mfuko. Kila Alhamisi kwa miaka tisa Dusuki aliwaletea mfuko wa vipande vya kuku, na kila Alhamisi mfuko ulinukia siki. Mwaka wa kwanza Inshirah aliuliza kwa nini nyama imekuwa ya buluu karibu na mfupa. Yeye alimjibu, "Usimtilie ndugu yangu ubaya," na wakala. Mitwali aliamini kwamba Mwenyezi Mungu hamhesabii mja kosa asilolijua. Lakini alibaki ameinama akijiuliza kutojua kwa kujitakia kunahesabiwa vipi, na hakuthubutu kuinua kichwa haraka.

Jambo zito lilikuwa mbele. Siku ya kupeleka vyombo, upande wa binti huwapikia wakwe wanaokuja kupakia, masinia ya kuku na bata na njiwa, na upande wa mume hula na kutoa maneno. Dusuki alikuwa ameapa mbele ya watu: "Kuku wa Hanadi ni juu yangu, wote." Kesho yake angewaleta.

Mitwali akamwambia mkewe yote. Inshirah aliketi kwenye ngazi, akashika tumbo kwa mikono miwili kama mwenye mimba.

"Usimshitaki kwa labda," alisema. "Muulize."

Jumatano baada ya alasiri Dusuki aliingia uani na pikapu yake mpya, akipiga honi kwa mdundo wa harusi. Nyuma kulikuwa na makreti ya kuku walionyonyolewa, wamekatwa vichwa, wamelazwa kwenye barafu.

"Yuko wapi bibi harusi? Arobaini, kaka! Na watano wa kuwafumba midomo wakwe!"

"Njoo kwanza," alisema Mitwali.

Alimpeleka kwenye pikapu ya zamani. Sakafu ilikuwa wazi, na juu ya karatasi ya mfuko wa saruji walilala wale kuku wawili. Dusuki alitazama, akacheka puani.

"Hao? Wa kutupa hao! Wenye mabanda walinilipa niwaondoe."

"Ukawatupa?"

"Sasa ningewafanya nini, niwasomeshe?"

"Alhamdulillahi," alisema Mitwali, na kweli alitaka kuamini. "Basi kaa. Tule pamoja. Mama Hanadi, kaanga mmoja kutoka kreti ya juu."

Walikaa kwenye mkeka. Ndani Hanadi na wenzake walikuwa wakifunga glasi kwa magazeti, wakicheka. Mafuta yalilia jikoni, na harufu iliyotoka haikuwa ya kutia njaa. Dusuki alitazama saa, akaeleza habari za barabara, akatazama saa tena. Inshirah akaleta sahani, akaiweka mbele yake, akabaki amesimama.

"Bismillahi," alisema Mitwali. "Anza wewe, mgeni."

"Nimekula, kaka."

"Paja tu."

"Daktari kanikataza mafuta."

"Nitakuchemshia," alisema Inshirah.

"Shemeji, nimeshiba, wallahi."

"Ubawa basi, shemeji. Ubawa haumshibishi hata mtoto. Unawaletea wakwe zetu arobaini na watano, wewe mmoja unakushinda?"

Dusuki aliitazama sahani jinsi mtu anavyotazama matapishi ya mwenziwe. Kisha akaisukuma kwa vidole viwili, na uso wake ukabadilika. Hakuona haya. Alikasirika.

"Mnataka nini? Watu wanataka rahisi, mimi nawapa rahisi. Nyinyi mmekula miaka tisa. Nani kaumwa? Hanadi mwenyewe, hiyo mifupa yake imejengwa na..."

"Usimtaje."

"Na wewe kaka usinifanyie utakatifu. Mtu haletewi mfuko kila Alhamisi asiulize umetoka wapi. Hukuuliza kwa sababu ulijua."

Mitwali alitamani kumpiga, lakini neno lile lilikuwa limefika mahali pake. "Sikuuliza," alisema. "Ndiyo. Hilo nitajibu mimi." Akainuka.

Kando ya gurudumu palikuwa na debe la oili chafu aliyoimwaga kutoka kwenye injini. Alilibeba kwa mikono miwili, mgongo ukimuuma, akapanda kwenye pikapu mpya, akaanza kumwaga. Oili nyeusi ikatambaa juu ya barafu, ikaingia katika matumbo ya kuku, kreti kwa kreti.

"Una wazimu!" Dusuki alimshika kanzu. "Hao nitawapeleka wapi sasa?"

"Ndiyo maana namwaga."

"Na kesho utamwambia nini mkweo? Utamwekea sinia tupu? Ukinitaja mimi umejitaja wewe! Vibudu vilibebwa na gari ya nani? Jina letu ni moja!"

Mitwali alimimina tone la mwisho, akashuka. "Ondoka na usije kesho," alisema. "Na ukifungua duka Jumamosi, nitakuja kusimama mlangoni nikiwa na karatasi ile ya saruji na vilivyomo."

Alhamisi baada ya adhuhuri wakwe walifika na trekta mbili zenye matela, kwa kuwa pikapu ya samawati ilikuwa imesimama uani inang'aa, haina sakafu. Ngoma zikanyamaza ili watu wale kabla ya kupakia. Inshirah alikuwa na bata sita tu. Aliwaweka juu ya wali, na mlenda pembeni.

Baba wa bwana harusi, Haji Maqsud, alikuwa mtu wa kimya. Mkewe, Sitt Nagiya, hakuwa. Alifunua sinia, akahesabu kwa kidole.

"Sita? Tuliambiwa ami yake bibi harusi ana duka zima. Kwetu sisi paka wakioana hupikiwa zaidi ya hawa."

Wanawake wakacheka. Mitwali alimwona Hanadi mlangoni, wanja wake umeanza kutiririka. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu na mwepesi: ndugu yangu anaumwa, barafu iliyeyuka njiani. Sitt Nagiya tu ndiye angeuliza zaidi, na hata yeye angeacha.

"Kuku waliletwa," alisema. "Nikawamwagia oili ya gari. Walikuwa vibudu. Ndugu yangu aliuza vibudu miaka tisa, na aliwabeba kwa gari hili langu. Nimekuta mabaki yao chini ya bati."

Mpiga ngoma mmoja akauliza polepole, "Na kofta?"

"Na kofta."

Mpiga ngoma akatema. Haji Maqsud aliinuka, akatembea mpaka bombani, akainama. Watu walimsikia akitapika, muda mrefu. Kila siku ya soko yeye na wanawe walikula kwa Dusuki. Mitwali alimfuata na kusimama hatua mbili nyuma yake, kwa kuwa hakujua pengine pa kusimama.

"Nawe ulikula?" aliuliza Maqsud, maji yakimdondoka kidevuni.

"Nilikula."

"Ulijua?"

"Sikutaka kujua."

Maqsud alimtazama. Yalikuwa macho yaleyale ambayo Mitwali alikuwa ameutazama nayo ule uji mweusi, na Mitwali hakuyakwepa, aliona ni haki yake.

"Binti hana kosa," alisema Maqsud. "Vitu vyake vitapakiwa. Wewe usinipe mkono leo." Akarudi kwenye maji, akasukutua tena, akatema.

Huku kwenye mkeka hakuna mkono uliokuwa umegusa sinia. Sitt Nagiya alivuta bata mmoja, akamnusa shingoni, akamgeuza, akamnusa ubavuni.

"Hawa kachinja nani?"

"Mimi," alisema Inshirah. "Alfajiri, kwa mkono huu, nimeelekea kibla. Damu bado iko kwenye jiwe pale, nenda kaitazame."

Sitt Nagiya alikwenda kweli. Aliinama juu ya jiwe, akagusa kwa kidole, akarudi, akanawa, akakaa. Akanyofoa paja, akatafuna polepole huku watu wote uani wakimtazama mdomo.

"Chumvi imepungua," alisema, akauvuta ubawa.