Mrija Ulimpita Salvator

Salvator alishuka treni Mpanda, mwaka tisini na sita, hana nywele wala nyusi, kinywa kimejaa vidonda kama aliyemeza makaa. Dawa za kansa ya damu alizochomwa Dar ndizo zilizomla hivyo. Nesi alimwagiza: kila ukila, sukutua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, meno safisha kwa kitambaa laini, mswaki wa mti usiuguse, na usichangie chombo cha kunywea na mtu. Uchafu ukiingia kwenye vidonda, umekwisha.

Haya, kawaambie hayo watu wetu wa Katumba, wanaokunywa wote kwa mrija mmoja!

Jumapili ile ile Arcade, rafiki yake waliyepakana naye mashamba, alimletea mtungi wa pombe ya mtama kumpokea. Wanaume wakauzunguka. Arcade akavuta kwanza, kila mtu aone haina sumu, kisha akamkabidhi mrija ule ule.

"Sitaweza, ndugu yangu. Mdomo."

"Mdomo una nini? Au unadhani nimekutilia kitu?"

Salvator akafungua kinywa awaonyeshe. Heri angenyamaza! Wote walirudi nyuma, wakiwaza ule ugonjwa wa siku hizi, na Arcade akabeba mtungi wake akaondoka bila kuaga.

Kwa miezi minane, akienda Dar na kurudi, Salvator alisukutua peke yake. Mkewe Candide alimchemshia maji asubuhi, mchana na jioni, naye akayatema nyuma ya nyumba huku akisikia vicheko vya kwa Arcade ng'ambo ya mihogo. Upweke ulimuuma kuliko vidonda, jamani. Alijipa moyo: nikipona nitakaa pale nivute mpaka wanifukuze.

Akapona kweli. Daktari alimkagua kinywa, akapima damu, akacheka: "Sasa kunywa na yeyote."

Kutoka stesheni hakupitia hata nyumbani. Arcade alimkumbatia; kumbe Candide alishamweleza yote, na hasira zilikwisha zamani. Wanaume wakampa nafasi kando ya mtungi. Mrija ukatoka kwa Cletus, ukaenda kwa Melkiadi. Salvator akanyoosha mkono. Ukampita.

"Nimepona, Arcade. Daktari kasema..."

"Tunajua, kaka, tumefurahi mno." Arcade akamtolea kikombe kipya cha plastiki, tayari kimejazwa. "Tumekununulia chako, kama nesi alivyoagiza. Hiki hakuna mwingine atakayekigusa, maisha yako yote."

Wakampigia makofi. Salvator akashukuru, akanywa, machozi yakimdondokea humo humo.