Mzungu wa Chini ya Daraja

Philister hakuwahi kulipenda lile daraja la chuma, na hakuona haya kusema. Tangu reli ihamishiwe upande wa pili wa bonde, hata toroli halijapita juu yake. Lilikaa tu pale mtoni, nyuma ya mtaa wa Satellite, limeliwa na kutu, mbuzi wakijikuna kwenye nguzo zake. "Zee la chuma lisilo na kazi!" alizoea kusema, kisha anatema mate. Ila chini ya nguzo ya pili alilala baba mkwe wake, Odero, na huyo alimheshimu sana.

Odero alikuwa kibarua. Aliangukiwa na chuma enzi za mkoloni, nguzo zilipokuwa zikibadilishwa, na kwa kuwa hakupatikana wa kumsafirisha hadi kwao ziwani, wenzake walimzika papo hapo. Mwanawe Lazarus, mume wa Philister, alikuja kuajiriwa na reli ile ile, akapanda hadi kuwa mnyapara. Kila Jumapili kabla ya kanisa aliyapaka chokaa mawe yaliyozunguka kaburi, kama wanavyopaka mawe ya stesheni. Nia yake ilikuwa moja tu: akistaafu, amfukue baba yake kwa heshima, apande naye treni hadi Kisumu, akamzike nyumbani. Hakutaka babake alale ugenini milele.

Basi mwaka wa sabini na moja habari zikaenea kwamba daraja litauzwa kama chuma chakavu, na ardhi yake isawazishwe kwa tingatinga. Lazarus akakosa usingizi. Philister naye akakosa subira.

Wakati huo ndipo alipotokea Zedekiah, katibu wa Chama cha Kumbukumbu za Kale, chama cha watu wa maofisi ya mjini waliokuwa wakizunguka kutafuta vitu vya zamani vya kuhifadhi. Alivaa tai katika jua la saa sita, viatu vyake vyeusi vikizama kwenye matope ya mto. Alikuwa mtu wa ziwani kama wao, lakini ukimsalimu kwa Kijaluo anakujibu kwa Kiingereza. Philister alimtazama kuanzia nywele hadi viatu, akamdharau kote.

"Mama, hapa kuna historia gani?" Zedekiah aliuliza, kalamu mkononi.

Philister akamweleza ukweli wote: Odero, chuma, kaburi. Zedekiah hakuandika hata neno.

"Vibarua walikufa wengi, mama. Tukiweka kibao kwa kila kibarua, nchi itajaa vibao. Mwezi ujao hili linakatwa." Akafunga kalamu.

Mwili wote ulimchemka Philister. Kumbe! Huyu mwana wa watu, ambaye babu yake pengine alibeba mataruma ya reli na Odero, anafunga kalamu kama mtu anayefunga mlango! Alitamani kumzaba kofi. Badala yake alitabasamu.

"Sawa, bwana mkubwa. Basi sikusumbui na habari za yule mzungu."

Kalamu ikafunguka. "Mzungu gani?"

"Mhandisi aliyejenga daraja. Si ndiye amelala pale? Unafikiri nani anapakiwa mawe chokaa?"

"Jina lake?"

Jina hakuwa nalo. Likamjia la yule mzungu tajiri wa mtaa wa Muthangari ambaye yeye aliwahi kumfulia nguo, naye akamfukuza kazi kwa sababu ya kola iliyoungua. "Bwana Wilkoksi," alisema. Zedekiah akaandika hadi kalamu ikakwaruza karatasi. Philister alimpikia chai, akamtilia sukari tele, akicheka kimoyomoyo. Mjinga aliyesoma ni mtamu kumdanganya, looh!

Jioni alimhadithia mumewe, akijipiga mapaja kwa kicheko. Lazarus hakucheka.

"Umempa baba jina la mtu mwingine."

"Nimemwokoa! Sasa nani atathubutu kuleta tingatinga juu ya mzungu?"

"Jina ndilo tunalomwitia, Philister. Sasa tutamwita nani?"

"Aa, niondolee uzee wako," alisema, akaenda kuosha sufuria.

Zedekiah alirudi, kweli, lakini si peke yake. Alikuja na mchungaji, wachimbaji, wanachama waliovaa kofia za sherehe, na jeneza la mbao nyekundu linalong'aa ambalo Philister hakuwahi kuona mfano wake. Akasimama juu ya jiwe akahutubia: mtu mkubwa namna hii hafai kulala chini ya chuma chakavu; chama kimepata nafasi kwenye makaburi ya mjini, upande wa wazungu, na kitamzika upya kwa heshima zake.

"Na daraja?" Philister aliuliza.

"Daraja la nini tena? Historia yenyewe tunaondoka nayo."

Hapo Philister akajitupa mbele ya majembe. "Huyo si mzungu! Huyo ni Odero! Ni baba mkwe wangu!"

Watu wakaangua kicheko, na Zedekiah akacheka kuliko wote. "Juzi ulisema Wilkoksi. Leo umeona jeneza zuri, unataka liwe lenu?"

Wakachimba. Fuvu lilipotoka, Lazarus alisogea, akanyoosha kidole. Kwenye taya la chini, mbele, palikuwa na pengo: meno sita hayakuwepo, na mfupa ulikuwa umejifunga laini, kama wanavyokuwa wazee wote wa Kijaluo waliong'olewa meno ujanani. Babake Zedekiah lazima alikuwa na pengo hilo hilo. Zedekiah aliliona. Philister alimwona akiliona.

"Hata wazungu huzeeka wakang'oka meno," alisema Zedekiah, safari hii kwa Kijaluo, polepole. Kisha akafunika jeneza kwa mikono yake mwenyewe, na wimbo ukaanza.

Odero aliondoka ndani ya gari jeusi, amesindikizwa na watu ambao angekuwa hai wasingempa hata kigoda. Kabla mwezi haujaisha malori yakaja, daraja likakatwa vipande vipande. Na Lazarus, ili amfukue baba yake ampandishe treni, sasa angehitaji ruhusa ya ukoo wa Wilkoksi.

Jumapili moja walikwenda makaburini na ndoo ya chokaa. Lazarus alipiga magoti, akaanza kupaka mawe. Askari wa makaburi aliwaangalia akitikisa kichwa.

"Huyu mzungu alikuwa mwema, eh? Mpaka boi wake bado wanamkumbuka. Mlimfanyia kazi miaka mingi?"

Philister alifungua kinywa. Tusi lilikuwa tayari, yeye hakuwahi kukosa tusi, lakini halikutoka. Alimgeukia mumewe amsaidie. Alikuwa na aibu, na aliogopa.

Lazarus hakuinua macho. Alichovya brashi kwenye ndoo.

"Mjibu wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyemzika hapa."