Mtandao wa Nyumba ya Nasambu

Khaemba alimkuta baba yake mdogo, Wepukhulu, sebuleni kwake Matulo, mbele ya chai ya maziwa na viazi vitamu, akiikodolea macho spika iliyokuwa juu ya kitambaa cha meza. Bintiye aliye Doha ndiye aliyeituma. Ilitakiwa imsomee habari, imwekee nyimbo za kwaya na imwambie kama mvua itanyesha, jambo ambalo kwa kweli angelijua kwa kutoa kichwa dirishani.

"Hii kitu inanisumbua bana," alisema Wepukhulu. "Mchana inashika mtandao, ikifika jioni inaachilia. Na si wewe ndiye fundi wa intaneti huko Kitale?"

Ni yeye. Lakini Khaemba hakupanda gari asubuhi ile kwa ajili ya spika. Mama yake, Nasambu, alikuwa mahututi katika chumba cha kupanga mtaani Tuwan, Kitale, na alitaka jambo moja tu: akifa, azikwe Matulo kando ya mumewe. Babake Khaemba alipofariki, ukoo ulitaka Nasambu arithiwe na Wepukhulu. Alikataa. Basi nyumba yake ikabomolewa, mahindi yakapandwa juu yake, naye akaondoka na watoto na sufuria zake. Khaemba aliamua atengeneze spika kwanza, kisha aombe. Aliona baba mdogo akishafurahi atakubali, na maskini aliamini hivyo kwa moyo wote.

Akazima ruta na kuiwasha. Akaitoa nyuma ya friji, ambako watu hupenda sana kuzificha, akaiweka juu ya kabati. Akaibonyeza spika kitufe cha nyuma mpaka ikasahau kila kitu, akaiunganisha upya. Ikashika, ikaimba kwaya mchana kutwa.

Kuku walipoanza kuingia bandani, wimbo ukakatika.

"Nimepata mtandao ulio karibu zaidi," ilisema spika kwa Kiswahili safi. "Nyumba ya Nasambu. Tafadhali sema neno la siri."

"Si hiyo sasa," alisema mama mdogo Nelima, mke wa Wepukhulu, huku akikusanya vikombe. "Kila jioni."

Khaemba akatoka na simu mkononi kuutafuta mtandao huo. Jikoni palikuwa na mstari mmoja. Kando ya shamba, miwili. Akajipenyeza kati ya mahindi yaliyomfika kifuani, na mistari ikajaa yote. Bila kufikiri akapazunguka mahali ulipokuwa ukuta wa nyumba yao, akafika penye mlango na kupangusa viatu kabla ya kuingia. Palikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Nyumba ile haikuwahi kuwa na stima. Alisimama pale akahisi hamu kubwa ya kwenda nyumbani, na nyumbani kwenyewe ndiko alikosimama.

Akampigia mama yake.

"Mama, nyumba yetu inarusha mtandao. Inataka neno la siri."

"Nani analitaka?"

"Ni spika ya baba mdogo."

Nasambu akakohoa, kikohozi chake kikavu chenye kituo katikati. "Mwambie aseme, 'Hapa ni kwa Nasambu.' Aseme mwenyewe, kwa sauti. Wewe usimsemee."

Khaemba alirudi ndani, akamwambia mzee aseme hivyo. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuyatamka maneno hayo. Alingoja mzee awake kwa hasira. Wepukhulu akameza kiazi, akainama mezani.

"Hapa ni kwa Nasambu," alisema.

"Karibu," ilijibu spika, na kwaya ikaendelea.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivyo!"

"Baba mdogo," Khaemba alisema, "umesema mwenyewe hapa ni kwake. Mama ni mgonjwa sana. Anaomba azikwe kwake."

"Hiyo nimeambia spika," Wepukhulu alisema bila hasira. "Mambo ya kuzika ni ya ukoo. Na pale si unaona kuna mahindi?"

Huko Kitale, Nasambu alikuwa akimsubiri macho wazi.

"Amesema?"

"Amesema."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Na mimi, akasema nizikwe wapi?"

Khaemba akamwekea mto vizuri.

Kule Matulo mambo yalinyooka. Mtandao wa Nasambu ulikuwa na kasi, na haukuisha. Wepukhulu aliuzoea hata akakata ule wake. Kila jioni, na kila stima ilipopotea ikarudi, alisema hapa ni kwa Nasambu. Nelima alisema. Wajukuu waliokuja likizo walisema wakitaka katuni. Katibu wa ukoo, aliyekuja kwa mkutano, aliambiwa aseme, akasema, akafungua video zake.

Nasambu alifariki wakati wa mavuno. Alizikwa Kitale, kwenye makaburi ya umma, kati ya watu asiowajua. Kutoka Matulo hakuja mtu. Wepukhulu alituma ujumbe kwamba wako shambani, wanavunja mahindi.

Jioni ya siku hiyo simu ya Khaemba ililia. Alipoona ni baba mdogo, alidhani ni pole.

"Hii kitu imeanza tena," alisema Wepukhulu. "Nimesema yale maneno na haiweki habari. Ati inaniuliza swali."

"Inauliza nini?"

Wepukhulu akaisogeza simu karibu na spika.

"Mwenye nyumba amerudi," ilikuwa ikisema. "Nimwambie nani anabisha hodi?"

Nyuma ya sauti ile sufuria ilifunikwa kwa kifuniko, kisha mtu akakohoa, kikohozi kikavu chenye kituo katikati. Khaemba akalia kimyakimya, kwa uchungu, na pia kwa kuwa alijua sasa mama yake amefika kwake.

"Mjibu tu, baba mdogo," alisema alipoweza. "Taja jina lako."

"Ni Wepukhulu."

"Anasema uingie," ilisema spika. "Upanguse viatu."

Kisha taarifa ya habari ikaanza.

"Haya, imeshika," alisema Wepukhulu. "Asante, fundi. Wacha nilale mapema. Kesho trekta inakuja kulima pale palipokuwa na mahindi."